Nyumba Iliyokatazwa Kusema Pole

Mwantum binti Shaibu alikuwa mwoga, na hakuna aliyelificha jambo hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulikiri. Kwao Dodoma mjini, katika mtaa wa watu ambao babu zao walifuata misafara ya chumvi na nguo, wakachoka njiani, na uchovu wao ukaja kuitwa makazi, ilisemwa kwamba Mwantum akiwa mtoto aliogopa hata radi ya jana. Aliogopa sindano, mbwa, hodi za adhuhuri na watu wanaocheka peke yao. Aliolewa na Anuari, fundi cherehani, kwa kuogopa kukataa. Anuari alipomwacha baada ya miaka mingi bila mtoto, majirani walikuja kumliwaza wakamkuta anachagua mchele. Machozi ya siku ile alikwisha kuyalia zamani.

"Mwoga halii msibani," alisema shangazi yake, Bi Jaha. "Analia kabla mgonjwa hajaugua."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa Nasri.

Kituo alikopata kazi ya ulezi kilikuwa Kongwa, nje kidogo ya mji, ndani ya ghala refu la mabati ambalo Waingereza walilijenga wakati wa mradi wao wa karanga. Walikuja na matrekta, wataalamu na mahesabu. Karanga nazo zilikuwa na maoni yao. Mradi ulipokufa, ghala likawa la mahindi, kisha la popo, na mwishowe likakatwa vyumba na kuwa makazi ya watoto ambao hakuna shule iliyojua ifanye nao nini, watoto wasioweza kusema wala kujilisha, ambao wakishikwa na kiu hawana njia ya kuiambia dunia. Kwa hiyo Kongwa haikuwa ngeni kwa wataalamu. Wazee wake walipoona gari jeupe likiiacha barabara kuu na kukunja kuja kwao, walitabasamu kama mtu anayemwona mgeni akikaribia kiti ambacho wenyeji wanajua kina mguu mbovu.

Nasri aliletwa na baba yake, mchuuzi wa mbuzi kutoka Chemba, akiwa na umri wa miaka sita au karibu na hapo. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, ile ya kufungia ndama. Baba aliomba radhi kwa ukali wa kamba. Kwa kufunga hakuomba radhi, na mtu alipomwona mtoto kafunguliwa alielewa kwa nini. Nasri hakuwa na neno hata moja kinywani. Alichokuwa nacho ni ngumi mbili, ambazo bila sababu ambayo mtu angeweza kuitaja alizinyanyua na kujigonga nazo usoni, penye jicho, kwa nguvu ya mtu anayepasua kuni. Jicho la kushoto lilikwisha kufa huko huko Chemba. Lilikuwa jeupe kama yai.

La kulia lilikuwa likiona. Daktari wa macho mjini alilimulika kwa muda mrefu, akazima tochi yake, akazungumza na Mwantum kwa sababu ndiye aliyekuwa anatetemeka zaidi chumbani mle.

"Hili bado zima, mama. Lakini ndani utando umeanza kubanduka. Siku akiligonga sawasawa, basi. Hasemi, na hatakuwa anaona. Hatajua hata ni nani kamzimia taa."

Tangu siku hiyo woga wa Mwantum, ambao zamani ulizurura ovyo kama mbuzi wasio na mchungaji, ulipata zizi.

Alitupa kamba ya katani. Alipasua kanga yake moja akapata vitambaa virefu, laini kwa kufuliwa, na kwa vitambaa hivyo akaifunga mikono ya Nasri kwenye kiuno chake, asubuhi hadi jioni, kwa upole ambao mama wengi hawautumii hata kwa kumvisha mtoto shati. Katika kitambaa kimoja yalibaki maneno mawili ya ile kanga: MJA HANA. Kile ambacho mja hana kilikuwa kimeishia kwenye kipande kingine, na kipande hicho kilikwisha kuwa dekio.

Kufunga kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilikaa karibu na dirisha. Msichana mmoja aliyeitwa Loisi alifungwa vivyo hivyo miaka mingi, kwa nia njema vivyo hivyo, na siku walipomfungua viwiko vyake viligoma kunyooka. Sasa mikono yake ilikuwa imekunjika kifuani kama mabawa ya kuku aliyechinjwa. Mwantum alimlisha Loisi kila siku. Alimlisha akitazama pembeni.

Ilibidi Nasri afunguliwe wakati wa kuoga na wakati wa kula, na hapo ngumi zilipata nafasi yao. Ngumi moja tu, na nyumba nzima iliitika. "Pole, baba! Pole sana!" Mwantum alimkumbatia na kuupuliza uso wake. "Pole mwanangu, basi, basi!" aliitikia Priska, mlezi mwenzake, kutoka kwenye beseni la nguo. Mpishi alisema pole kupitia dirishani, na mkuu wa kituo, Mzee Silvano, akiwa anapita, alivua kofia na kusema pole kama anayeingia kanisani. Hakuna aliyefundishwa kufanya hivyo. Katika nchi hii mtu akijikwaa barabarani hupewa pole na watu asiowajua, na asiyesema pole huangaliwa kana kwamba ndiye aliyeweka jiwe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi mwaka ule uliofuata uchaguzi wa vyama vingi. Ilikuwa enzi ya ubinafsishaji. Serikali ilikuwa inajitoa katika viwanda, katika mabasi, katika maduka, na katika kujitoa huko iligundua kwamba inamiliki pia ghala moja la watoto huko Kongwa. Akatafutwa mfadhili. Mfadhili akapatikana, naye alikuwa na masharti mawili: choo kipakwe rangi, na mtoto yeyote asifungwe. Choo kilipakwa rangi siku ile ile.

Kwa sharti la pili aliletwa mkufunzi, Mwalimu Dorothea Wambura, mwanamke mrefu kutoka Musoma, mtulivu, mwenye viatu visivyopiga kelele. Alikuwa mdogo kwa Mwantum, akamwamkia shikamoo mbele ya watu, jambo lililomwogopesha Mwantum kupita kiasi. Mtu wa ofisini akikuamkia mapema hivyo, alijua, kuna kitu anakuja kukichukua.

Semina ilifanyika katika chumba cha kulia. Kulikuwa na soda na maandazi, na walezi, ambao walikwisha kusikia semina zaidi ya moja, walivitazama hivyo kwanza.

"Msilitazame tendo peke yake," alisema Dorothea. "Tazameni kilichotangulia, na tazameni kinachofuata. Mtoto asiyesema anasema kwa matendo. Na kila tendo linaloleta kitu kizuri, litarudi."

Akamwomba Priska ajifanye mtoto anayetupa kijiko. Priska alikuwa mwanamke wa hapo hapo Kongwa, mnene, mcheshi, ambaye hata mazishini aliwekwa mbali na wafiwa. Alitupa kijiko. Wote wakamkalia kimya. Akatupa tena, kimya. Akakishika kijiko, akakituliza juu ya meza, na papo hapo Dorothea akampa kipande cha andazi na sifa tele.

"Mmeona?"

"Tumeona," alisema Priska, akitafuna. "Mwalimu, mimi kichwa changu kigumu. Naomba unifundishe tena."

Walicheka mpaka soda zikamwagika. Mwantum alicheka pia, lakini kwa midomo tu. Alikuwa amekwisha kuona somo lile linaelekea wapi, kama mtu anavyoona mvua ya mawe ikiwa bado juu ya kilima cha wengine.

Siku zilizofuata Dorothea hakufundisha. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya chumba cha Nasri, mikono magotini, akitazama. Alitazama akioga na akila. Alitazama ngumi, akatazama pole, na kila pole ilipotoka shingo yake iligeuka taratibu kuelekea kwa msemaji. Mwishowe alimwita Mwantum na Priska nje, penye kivuli cha tangi la maji.

"Mtoto huyu hapewi sauti ya mtu isipokuwa akijigonga," alisema. "Akitulia, mnashukuru Mungu na kwenda kufua. Akijipiga, nyumba nzima inamjia, anakumbatiwa, anapulizwa usoni, anaitwa mwana. Hamjamkosea kwa ubaya. Lakini mnamlipa."

 Mwantum akasema, polepole, "Kwa hiyo ni sisi tunaompiga."

"Sikusema hivyo, Bi Mwantum."

"Umesema kwa Kiswahili cha chuoni. Mimi nimekisikia kwa cha nyumbani."

Dorothea aliinamisha macho. Hakujitetea, na kwa hilo Mwantum alimwogopa zaidi, maana aliyekosea hujitetea.

Mpango ulikuwa rahisi kuueleza. Kanga itafunguliwa. Mwantum atakaa nyuma ya Nasri akiwa na mto wa sufi, na ngumi ikija ataikinga kwa mto, bila neno, bila kumtazama, uso wake uwe kama ukuta. Hakuna atakayesema pole. Hakuna mtu katika nyumba nzima, kuanzia mkuu hadi mpishi. Mikono ikitulia, hata kwa muda wa kumeza mate, hapo ndipo sauti itoke, mkono umguse shavuni, apewe utamu wote ambao zamani alikuwa akiununua kwa jicho lake.

"Kitu kimoja lazima mkijue mapema," alisema Dorothea. "Kwanza itazidi. Mtu aliyezoea kubisha na kufunguliwa, siku asipofunguliwa haondoki. Anabisha kwa nguvu zaidi."

"Na mlango wenyewe ni jicho lake," alisema Mwantum.

"Ndiyo."

"Mto ukichelewa?"

"Usichelewe."

"Wee Mwalimu!" alisema Priska, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Unamwambia mwanamke ambaye akisikia kuku anashtuka!"

Usiku Mwantum hakulala, lakini hilo halikuwa jambo jipya. Asubuhi alimfungua Nasri. Mikono ilikuwa na alama za kitambaa, na mtoto aliitazama kana kwamba imeletwa na posta. Kisha akagonga.

Mto ulifika. Ngumi ilizama katika sufi, na chumba kikakaa kimya. Nasri alisubiri. Jicho lake zima lilizunguka chumbani likitafuta pole yake, kama mteja anayesimama dukani na hakuna anayekuja kaunta. Akagonga tena. Akagonga kwa mkono wa pili. Akapiga yowe. Mwantum aliuma midomo, akatazama ukutani penye mjusi, na moyo wake ulipiga kiasi kwamba aliogopa mtoto angeusikia na kuuhesabu kuwa ni neno.

Ngumi zilikuja na kuja. Dorothea, penye kigoda, alinyanyua kidole: bado, bado. Na pengine siku ile ile mambo yangenyooka, lakini Mzee Silvano alikuwa akipita barazani na wageni wawili kutoka ofisi ya wilaya. Alikuwa amehudhuria semina. Alikuwa hata ameishukuru kwa hotuba. Ila alikuwa mwalimu mstaafu na mtu wa adabu, na adabu humwahi mtu kabla ya elimu. Yowe lilimkuta mlangoni, kofia ikatoka kichwani yenyewe.

"Pole, mwanangu! Pole sana, baba!"

Nasri alinyamaza. Aligeuza uso kwenye sauti ile, akatabasamu tabasamu lake la upande mmoja, na mikono ikashuka. Wageni walifurahi. Mzee Silvano alifurahi. Hata Mwantum, Mungu amsamehe, alishukuru kimoyomoyo.

Dorothea alifumba macho.

"Mzee," alisema wageni walipokwisha kwenda, "umepandisha bei."

"Bei ya nini tena?"

"Ya pole. Zamani pole moja alipewa kwa ngumi moja. Leo umemwonyesha kwamba ipo, ila inataka ngumi nyingi na kelele. Kesho atakuja nazo zote."

Mzee Silvano, ambaye mwaka ule alikwisha kuona bei ya kila kitu ikifunguliwa iende itakako, alikaa kwenye benchi, kofia mapajani. "Poleni," alisema, kisha akajiziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyetukana.

Na kesho yake alikuja nazo zote. Nasri aligonga kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona, kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa goti alilolivuta hadi kwenye paji la uso. Mto ulifika, ukafika, ukafika, kisha mara moja haukufika. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama embe linaloanguka kwenye mchanga. Nyusi ya kulia ilichanika na damu ikatiririka ndani ya jicho, jicho lile lile.

Mwantum alitupa mto, akambana Nasri mikono kwa mikono yake. Hakusema pole, na hii haikuwa kwa sababu ya semina. Sauti ilikuwa imemkauka. Alimsafisha. Chini ya damu jicho lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa wazi, na alipopitisha kidole mbele yake likakifuata. Alipitisha tena. Likafuata tena. Akakaa chini sakafuni, akachomoa kanga kiunoni, MJA HANA, akaanza kumfunga.

"Bi Mwantum," alisema Dorothea.

"Niache."

"Nikuache?"

"Mwalimu, wewe una mafunzo yako, na ni ya kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini wewe utapanda basi. Mimi nitabaki hapa na kipofu asiyesema, na kila nikimpa uji nitajua ni nani kamzimia taa. Daktari aliniambia mimi. Hakukuambia wewe."

Dorothea alichuchumaa mbele yake. 

"Unadhani mimi siogopi?" alisema. "Siwezi kukuahidi jicho, mama yangu. Atakayekuahidi anakudanganya. Na nisikilize: ukimfunga leo, baada ya kipigo kile, atakuwa amejifunza kwamba akigonga hadi pale pa damu, mtu anafika. Siku ukimfungua atakwenda moja kwa moja hadi pale. Na usipomfungua tena..." Hakumalizia. Aligeuza kichwa kidogo, kuelekea dirishani.

Loisi alikuwa amekaa pale kwenye mwanga, mikono kifuani.

Mwantum alitazama safari hii. Alimtazama Loisi kwa muda ambao hakuwahi kumtazama tangu aanze kazi, na hofu yake, ambayo siku zote ilikuwa na uso mmoja, ikapata wa pili. Jicho huku, mikono kule. Mwoga akiwa na njia moja ya kukimbilia hukimbia. Akiwa katikati ya mbili hubaki amekaa, na watu wasiojua humwita jasiri.

Alikifungua kitambaa. Hakukitupa. Alikizungusha kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto, chini ya mto, pale ambapo angekipata kwa haraka. Dorothea alikiona, akamwachia.

Walijipanga upya baada ya chakula cha mchana, jeraha likiwa limefungwa. Walikunja godoro wakalizungushia magotini kwa Nasri, na Dorothea akakaa ubavuni na mto wa pili, ili mmoja akichelewa mwingine awahi. Mpishi alipelekwa sokoni akanunue kitu ambacho hakikuhitajika. Mzee Silvano, asiyejiamini tena, alijihamishia getini kuwazuia wageni, na huko, kwa mujibu wa mlinzi, alimpa pole kila mpita njia, wenye kuni, wenye ndoo, hata mwendesha baiskeli ambaye hakuwa na shida yoyote, ili imwishe. Priska alisimama mlangoni. Alijijua. Alichukua pindo la kanga yake, akalikunja, akalijaza mdomoni.

Upepo wa Kongwa ulikuwa unaparuza mabati kwa mchanga. Nasri aligonga.

Hakuna atakayeweza kusimulia mchana ule vizuri, kwa sababu ndani yake hakikutokea kitu isipokuwa kitu kile kile. Ngumi, mto. Ngumi, mto. Yowe lililopanda mpaka likawa jembamba kama filimbi. Mwantum alimtazama mjusi ukutani, na mjusi akaondoka, akabaki anatazama mahali alipokuwa. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Kila ngumi ilipoinuka alimwona Nasri kipofu; kila ilipozama katika sufi alimwona mzima; na kati ya hizo mbili alizeeka. Kiganja chake cha kushoto kilikibana kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi. Mara kadhaa mkono ule ulianza kutoka chini ya mto wenyewe, bila ruhusa yake. Mara kadhaa aliurudisha. Mlangoni Priska alikuwa analia bila sauti, mashavu yamejaa kanga, macho yamemtoka kama mtu aliyemeza kiazi cha moto.

Kisha ngumi ikainuka na isije.

Ilikaa hewani. Mwantum aliusogeza mto, akasubiri. Ngumi ilishuka taratibu, ikatua juu ya goti, ikafunguka. Mkono wa pili ukafuata. Nasri alikuwa anahema. Jicho lake jekundu lilikuwa linatazama vidole vyake.

"Sasa," alinong'ona Dorothea.

Mwantum alifungua mdomo. Alikuwa amefundishwa la kusema, "vizuri sana, Nasri," na alilifanyia mazoezi akifua, akipika, akitawadha. Halikuwepo. Alitafuta neno lingine lolote zuri, nalo halikuwepo. Alichokiona mbele yake ni ile nafasi ndogo, mikono imetulia, nafasi inayopita.

"Sasa, mama!"

"Hujambo?" alisema Mwantum.

Ndiyo iliyotoka. Salamu ndiyo kitu pekee ambacho mdomo wa mtu wa mjini hukitoa bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Sauti yake ilikuwa kama ya chura, lakini ilikuwa sauti. Nasri aligeuza uso.

"Hujambo, baba? Umeshindaje?" Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye mto ukamgusa shavu. "Habari za tangu jana? Za nyumbani Chemba? Baba hajambo? Na mama je? Wazee wote wazima?" Mikono ilikuwa bado magotini. Hakuthubutu kunyamaza. "Na mbuzi hawajambo? Malisho yapo? Mvua huko imeanza, au ni kama kwetu huku, mawingu ya kutazama tu? Watani zangu hawajambo? Njia ilikuwa nzuri?"

Watu wa Dodoma wanaweza kusalimiana mpaka uji upoe, na wageni hulalamika kwamba huo ni upotevu wa muda. Mwantum alisalimia. Aliuliza hali ya majirani, ya kisima, ya ng'ombe aliyekuwa na mimba, ambaye yawezekana hakuwahi kuwepo. Nasri alisikiliza, mdomo wazi, kichwa kimeinama upande wa sauti, na mikono yake ikalala pale ilipolala.

Pumzi ilipomkatika, ngumi iliinuka. Mwantum akanyamaza kabisa na mto ukafika. Ngumi ikagonga sufi mara chache, bila moyo, ikashuka. "Na mashamba je?" aliuliza Mwantum papo hapo. "Mtama umeota?"

Priska alichomoa kanga mdomoni. "Mbukwa!" alimsalimia Nasri kwa Kigogo, huku machozi na kamasi vikimtiririka, "mbukwa baba!" na Dorothea, badala ya kumkemea, alimwashiria kwa mkono aendelee.

Jua lilipolegea, Mwantum alichukua kile kitambaa kilichokuwa kimeshikana na kiganja chake kwa jasho, akakinyoosha, akakipitisha mbele ya jicho la kulia, huku na huku. Jicho likakifuata. Alikipitisha upande wa pili, juu, chini. Likafuata maneno yale mawili kana kwamba linayasoma. Ndipo akakitumia kumfuta Nasri ute kidevuni, na alipokuwa anafuta, Priska akamwona anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, kama mtu aliyetolewa mtoni.

"Da Mwantum, yamekwisha sasa! Unaogopa nini?"

"Kesho," alisema Mwantum.

Na alikuwa na haki. Kesho zilikuja nyingi, na katika baadhi yake Nasri aligonga. Dorothea alikaa kuliko alivyopangiwa, kisha akapanda basi, kama ilivyotabiriwa. Daktari wa macho alimulika tena na kusema, kwa sauti ya mtu asiyependa kushangazwa, kwamba utando haujaendelea kubanduka. Ngumi zikawa za mara moja moja, za asubuhi mbaya, za siku za upepo. Mikono ikajifunza kazi nyingine: kushika kikombe, kumvuta Priska mtandio, kumgusa mtu ili asalimiwe.

Walezi wapya walipoanza kuja, kutoka Mpwapwa, kutoka mjini, mmoja hata kutoka Area D, mtaa wa maofisa wa serikali, akiwa na cheti, Mwantum ndiye aliyepewa kuwaonyesha. Aliwafundisha vibaya, kwa sauti ya chini, akijikatiza. Lakini aliwakalisha nyuma ya mtoto na mto mikononi, naye akakaa ubavuni mwao na mto wa pili, na walipoona kwamba mikono ya mwalimu inatetemeka kuliko ya kwao, waliacha kuona aibu. Pole zilibaki zimekatazwa ndani ya ghala lile. Mzee Silvano aliendelea kuzitolea getini hadi alipostaafu tena.

Kile kitambaa Mwantum alikifua jioni ya siku ile ya salamu, akakianika kwenye kamba ya uani, mbele ya dirisha la Nasri. Kilikauka kabla ya magharibi. Hakukianua. Kilikaa pale msimu hadi msimu, jua likila maneno yake moja baada ya jingine, na kila alipoingia asubuhi kumfungulia Nasri dirisha, kabla ya kumsalimia, alitazama kwanza kama bado kipo, na kama kutoka pale alipo mkono wake unaweza kukifikia.